Kipa Aliyekataa Kuniamini

Watu wa redioni hupenda kuniuliza siri ya mpira. Huwa nawajibu wanachotaka: nidhamu, mazoezi, umoja. Porojo tupu. Kwangu mimi ukocha umekuwa kazi ya kuwadanganya watu wazima mpaka wakimbie kuliko wanavyoweza. Mshambuliaji wetu hafungi mpaka umwambie kuwa beki wa wapinzani amemtukana. Winga lazima asikie kuna wakala jukwaani amekuja kumtazama yeye, hata kama jukwaani wapo wauza maji tu. Nilikuwa fundi wa kuwapaka wenzangu mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilijisifia.

Niliyemdanganya zaidi ni kipa wetu, Sumaku. Tulimwita hivyo kwa sababu mpira ukimfika mikononi haubanduki. Niliwahi kumwambia nimeshamuuza, nikawahi kumwambia mwenye timu anataka afukuzwe. Kila mara alinuna, akaingia golini akadaka kama mtu mwenye ugomvi na dunia nzima. Baadaye akigundua, alicheka na kunitishia kwa kidole. "Kocha, wewe ni mtu mbaya sana."

Siku ya mechi ya mwisho maji yalikuwa yametufika shingoni. Tukifungwa, tunashuka daraja. Simu za wachezaji tulikuwa tumezikusanya jana yake, kama desturi ya kambi yetu, zimezimwa zote na kutiwa kwenye mfuko wa turubai ninaoutunza mwenyewe. Familia ikiwa na jambo, hunipigia mimi.

Wachezaji walikuwa wanafungwa bandeji simu yangu ilipoita. Alikuwa dada mkubwa wa Sumaku, anapiga kutoka hospitali, ng'ambo ya mji.

"Kocha, mama ameanguka alfajiri. Daktari anasema tuwaite watoto wote. Kila akifumbua macho anamuulizia mdogo wangu. Mwambie aje sasa hivi, tafadhali."

Nilimvuta Sumaku hadi bafuni, mbali na wenzake.

"Mwanangu, dada yako amepiga. Mama yako yuko hospitali, hali yake mbaya. Vua jezi, gari liko nje, nenda."

Alinitazama, glovu moja mkononi, nyingine kaibana kwapani. Kisha akaguna.

"Sasa umefika hadi kwa mama yangu?"

"Safari hii ni kweli."

"Hata uliponiambia umeniuza ulisema ni kweli. Jana nimeongea naye kabla hamjachukua simu, mzima kabisa, ananisimanga kwa nini sioi."

"Haki ya Mungu nakwambia."

"Uliapa hivyohivyo kuhusu wakala." Akavaa glovu ya pili. "Sawa, nimekuelewa. Leo nitamchezea mama. Lakini usirudie, Kocha. Huyo mwache."

Nilimpigia dada yake ili amsikie kwa masikio yake. Simu iliita tu, haikupokelewa. Sumaku akatoka kwenda kupasha misuli.

Ningeweza kumzuia. Kikosi nakipanga mimi. Ningemweka nje, ningemvua jezi kwa nguvu na kumsukumia garini. Lakini kipa wa akiba tulikuwa tunamwita Mlango Wazi, na jina hilo nilimpa mimi. Nilisimama pale bafuni nikajisikia nashusha pumzi. Nimemwambia, amekataa, nifanyeje tena? Nikanawa uso, nikatoka.

Tulipata bao mapema, kisha wakatubana. Sumaku aliruka kulia, akaruka kushoto, akawafokea mabeki mpaka sauti ikamkauka. Mashabiki waliimba jina lake. Mimi nilikuwa nautazama mpira bila kuuona.

Wakati wa mapumziko dada akapiga tena. "Bado anamuulizia. Yuko wapi?"

Kipa alikuwa hatua chache tu kutoka nilipo, amejimwagia maji kichwani. Ningempa simu pale pale, yakaisha. Tulikuwa tunaongoza bao moja.

"Yuko njiani, dada," nikasema. "Foleni tu."

"Ahsante, Kocha. Ngoja nimwambie mama."

Kipindi cha pili tulicheza roho mkononi. Dakika za mwisho mwamuzi akawapa wapinzani penalti. Mpigaji alipiga vizuri, chini, pembeni kabisa, na Sumaku akaudaka. Hakuupangua, aliudaka, akaulalia kifuani. Filimbi ikapulizwa. Watu wakavamia uwanja, mwenye timu akanikumbatia akilia, na simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu. Nilikwenda kupokea kwenye njia ya kuingilia vyumbani.

"Mama ametutoka," dada akasema. Hakuwa analia tena, alikuwa amechoka kulia. "Nilipomwambia yuko njiani, aliomba tumgeuze atazame mlangoni. Tukamgeuza. Sasa huyo mtoto yuko wapi, Kocha?"

Niligeuka nikatazama uwanjani, alikokuwa bado anashangiliwa. Dada ndiye aliyekata simu.

Sumaku alinikuta hapohapo, ametapakaa tope, anacheka kwa sauti iliyokauka. Akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma.

"Kocha, uongo wa leo ulikuwa kiboko! Ile penalti nimemdakia mama. Nipe simu yangu nimpigie, nimwambie ulivyomlaza hospitali akiwa mzima."

Nilimshika mabega. "Kaa chini kwanza, mwanangu," nikasema.

Alinipiga kofi la begani huku bado anacheka, amenyoosha mkono apokee simu.

"Acha sasa, Kocha. Mechi imekwisha."