Mgongo wa Mama Funguo

Mara mbili Mama Funguo alikuwa amefeli mtihani wa vitendo, na mara zote mbili alikuwa amevaa viatu vipya. Kwa hiyo mara ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, alikata shauri kwenda na viatu vyake vya kila siku, vile vilivyolika kisigino cha kushoto. Viatu hivyo ndivyo vilivyompandisha na kumshusha ngazi za nusu ya mji kwa miaka kumi na tisa.

Ukitaka chumba chenye choo chake, ukitaka fremu ya duka, ukitaka nyumba nzima isiyo na mwenye nyumba wa kukuchungulia dirishani, ulielekezwa kwake. Na ulimsikia kabla ya kumwona, maana pete ya chuma yenye funguo thelathini na nne ilikuwa ikilia kiunoni mwake kila alipopiga hatua. Kisha sheria mpya ikaja: hakuna kumwonyesha mtu nyumba kwa malipo bila leseni ya wakala. Na leseni haikuwa ya kuombwa dirishani tu. Ilitaka cheti cha sekondari, kozi ya miezi sita, mtihani wa karatasi, halafu wa vitendo.

Madalali wenzake walicheka. Wengine walisema hayo ni maneno ya redioni, yatapita. Mama Funguo alipanda juu ya kiti, akashusha sanduku la bati, akakuta cheti chake cha sekondari kimeliwa pembe moja na panya, akakipiga pasi juu ya kitambaa na kwenda nacho kujiandikisha.

Darasani alikaa mbele, kati ya vijana waliomwita shangazi. Mwezi wa kwanza alisinzia. Mwezi wa tatu alikuwa anabishana na mkufunzi kuhusu notisi ya kumtoa mpangaji, na mkufunzi ndiye aliyerudi kwenye kitabu kuhakikisha. Mtihani wa karatasi alipata themanini na moja, wa pili darasa zima. Wa kwanza alikuwa kijana ambaye hajawahi kufungua mlango wa nyumba ya mtu maishani mwake, lakini tuyaache hayo.

Balaa lilikuwa kwenye vitendo. Mtahini anakuja kwenye nyumba uliyokabidhiwa na mwenye nyumba, unamwonyesha kama mteja, mwisho unajaza fomu. Nafasi ni tatu. Ukianguka ya tatu, unasubiri miaka mitatu ndipo uanze upya, na miaka mitatu kwa dalali ni kifo: funguo zote zitakuwa zimehamia viunoni mwa wengine. Barua mbili alizopata hazikueleza kitu zaidi ya neno moja, HAKUFAULU, na muhuri.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia mumewe, akaikunja barua ya pili mara nne.

Aliamini kinachomwangusha ni vifungu vya sheria. Akavikariri vyote arobaini na viwili. Alivisema akimenya viazi, alivisema akifua, hata mumewe, dereva mstaafu asiyependa kusoma hata kibao cha barabarani, akawa anamsahihisha kifungu cha kumi na moja.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa fundi cherehani. Wifi alishonea kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, chumba ambacho Mama Funguo mwenyewe ndiye aliyemtafutia miaka tisa iliyopita.

"Leo wewe ni mteja," alimwambia. "Nakuonyesha chumba hiki kana kwamba hujawahi kukiona. Usinionee huruma."

"Huruma ya wifi uliiona wapi?" Wifi alitoka nje, akapiga hodi kwa nguvu, akaingia amekunja uso. "Mimi nina watoto sita na mume mkali. Haya, nionyeshe hicho chumba chako, na ole wako."

Mama Funguo alicheka, kisha akaanza. Alieleza dirisha, swichi, mlango wa chuma, kodi inavyolipwa, haki za mpangaji chini ya kifungu cha tisa. Alimaliza bila kukosea neno. Wifi hakupiga makofi. Aliivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Wifi, nikuulize. Hapo pana nini?"

"Hapa wapi?"

"Hapo ulipoganda. Mara ya kwanza uliingia ukaenda moja kwa moja kusimama hapo. Mara ya pili hapohapo. Dirisha umenionyesha kwa mkono, mlango kwa kidevu, swichi kwa kichwa, lakini mwenyewe hujabanduka."

Mama Funguo aligeuka. Nyuma yake, kati ya dirisha na sakafu, rangi ya ukuta ilikuwa imevimba. Aliigusa kwa kidole, na kidole kikazama kwenye unyevu.

"Siku uliponileta hapa mara ya kwanza, ulisimama hivyohivyo," Wifi alisema. Hakuwa anatania tena. "Mvua ya kwanza iliponyesha, ukungu ulipanda mpaka kwenye gauni la bibi harusi lililokuwa limetundikwa hapo. Siku tatu kabla ya harusi. Nilishona jingine kwa kitambaa changu, macho yakavimba. Tangu hapo napaka rangi kila mwaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ni mke wa kaka yangu. Nilijiambia labda hukujua."

Mama Funguo aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kukosa pa kuweka mikono. Alikuwa anajua. Hakukumbuka kama siku ile aliuona unyevu kwa macho, lakini mgongo wake ulijua. Dalali mzee aliyempa ufunguo wa kwanza alimfundisha jambo moja tu: dalali mzuri ana mgongo mpana. Ukuta ukipasuka, simama mbele yake. Bomba likivuja, simama mbele yake, tabasamu, endelea kuongea. Kwa miaka kumi na tisa mgongo ulikuwa umezoea kazi yake, ukawa hauulizi tena.

"Mzoea vya kunyonga," alisema polepole.

"Vya kuchinja haviwezi," Wifi alimalizia. "Lakini wewe utaviweza, kwa sababu wewe ni mbishi, na nimeshachoka kununua rangi. Toka nje, piga hodi, tuanze upya."

Walirudia mara kumi na nne. Kila alipokaribia ukuta ule, Wifi alimchapa mguuni kwa futi.

Nyumba aliyokabidhiwa kwa ajili ya mtihani ilikuwa ya karani mstaafu, mzee mwenye nyumba tatu na tai moja. Siku hiyo mzee alikuja mwenyewe, akamvuta kando kabla mtahini hajafika.

"Ule ufa wa jikoni si habari ya mtu," alisema. "Tumeelewana?"

"Mzee wangu, leo natahiniwa."

"Na mimi natafuta mpangaji. Sema vizuri, utapata leseni yako na mimi nitapata kodi yangu."

Mtahini alifika saa nne kamili. Alikuwa yuleyule wa mara mbili zilizopita, mwanamke mwembamba mwenye faili, asiyecheka wala kununa. Mama Funguo alimwonyesha sebule, akamwonyesha vyumba, akamwonyesha choo na kulivuta tangi la maji ili asikie linavyokwama. Hadi hapo salama. Kisha wakaingia jikoni, mzee akiwa nyuma yao, na miguu ya Mama Funguo ikaanza kwenda yenyewe. Hatua moja, mbili, tatu. Alishtukia mabega yake yameshagusa ukuta na mdomo wake umeshaanza kusifia sinki.

Akanyamaza katikati ya sentensi. Alihisi ule ufa mgongoni, mwembamba, wenye ubaridi. Mzee alikohoa mlangoni.

Liwalo na liwe, akajiambia. Akasogea pembeni.

"Hapa pana ufa," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Unaanzia darini unashuka mpaka chini ya sinki. Mvua kubwa ikinyesha, maji yanapenya kwenye ufa huo, na sakafu inalowa. Ukipanga kabla haijatengenezwa, utakuwa unapika umevaa mabuti. Nakushauri umtake mwenye nyumba atengeneze kwanza, na iandikwe kwenye mkataba."

Mtahini alipiga magoti, akachungulia chini ya sinki, akaandika. Mzee hakusubiri amalize.

"Nirudishie funguo zangu," alisema. "Zote tatu."

Mama Funguo alizichomoa kwenye pete moja moja, mbele ya mtahini, kisha akaijaza fomu juu ya meza ya jikoni. Sehemu ya kasoro aliijaza mpaka mistari ikaisha, akageuza nyuma.

Nje, mtahini alisimama kidogo.

"Mara ya kwanza ulisimama mbele ya bomba linalovuja dakika kumi na moja," alisema. "Mara ya pili mbele ya mlango uliooza, dakika tisa. Nilikuwa natazama saa."

"Na hukuniambia!"

"Mtahini haruhusiwi kufundisha," alisema, akaenda zake.

Leseni ilitoka wiki tatu baadaye, ikiwa na picha yake na muhuri wa bluu. Sheria inataka itundikwe ofisini, mahali mteja anapoiona. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vitatu, na ufa uliotoka kona ya dirisha hadi katikati ya ukuta. Wifi aliileta fremu. Mumewe aliishika nyundo, akaupima ukuta kwa jicho.

"Tuiweke hapa," alisema. "Inaufunika wote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Hawakusema uuzibe kwa picha yangu," Mama Funguo alimjibu. Alimnyang'anya nyundo, akapigilia msumari ukuta wa pili, kando ya mlango. Fremu ilikaa upande kidogo. Aliiacha.

Mteja wa kwanza aliingia kabla hajaweka nyundo chini, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alitazama leseni, akatazama dirisha, macho yakatua kwenye ufa.

"Huu nao ni wa nini?"

"Upo tangu mwaka juzi," alisema Mama Funguo, akamvutia kiti. "Fundi nimeshamwita. Ila anamalizia kwanza ukuta wa wifi yangu."