Mdomo wa Kokuberwa

Tangu mvua za vuli Kokuberwa alikuwa kwa baba yake, Muleba. Alikuwa amenoba, kama wanavyofanya wanawake wa Kihaya ndoa ikiwashinda: mke humkimbia mume, hurudi kwao, na kungoja siku mume atakapokuja na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kumwomba arudi. Siku hiyo mke husema na wazee wa ukoo husikiliza. Kokuberwa alikuwa na neno moja tu: harudi Kimwani. Mumewe, Kagaruki, alikwisha kumvunja mkono huko kwa mchi. Safari nyingine ingekuwa shingo.

Kabla Kagaruki hajaja kumwomba, lilikuja gari la sinema. Mzungu wake alitaka kupiga picha ya ndoa, habari za mke aliyenoba, apate kuwafundisha Waafrika kukaa na wake zao. Lakini waume wa Muleba waliwakataza wake zao kusimama mbele ya mashine. Basi akavishwa kanga Aroni, fundi cherehani, akafungwa vitambaa kifuani. Watu walicheka hadi Mzungu akakunja uso.

"Nitasimama mimi," Kokuberwa alisema.

Mzungu alimvua gauni lake la kanisani, akamvika vazi la nyuzi za majani ya mwale, la kizamani, ambalo hata bibi yake alikwisha kulitupa. Alivumilia. Picha ingefika Bukoba, ingefika Kimwani, na kila mtu angemsikia.

"Niseme nini?" alimwuliza Lukmani, mkalimani kutoka Bukoba mjini.

"Lolote, dada. Mradi mdomo ucheze."

Akapiga magoti mbele ya wazee wa kuigiza, akayasema yote kwa Kihaya: mchi, mkono, mimba iliyoharibika. Wanawake waliosimama kando walijifuta machozi. Mzungu alipiga makofi, akasema vizuri sana.

Picha ilirudi baada ya mavuno ya kahawa, ikaonyeshwa Bukoba, kwenye shuka lililotundikwa uwanjani. Kokuberwa alikwenda na baba yake, Mzee Rutashobya, juu ya lori la magunia. Kagaruki naye alikuwapo na ndugu zake.

Kokuberwa alijiona amepiga magoti, mkubwa kama nyumba, mdomo ukicheza. Sauti iliyotoka kwenye kipaza sauti ilikuwa ya Lukmani, ameibana puani iwe ya kike:

"Nimekosa, mume wangu! Uvivu na ulimi wangu ndivyo vilivyoniponza. Nirudishe!"

Uwanja mzima ulishangilia.

"Sikusema hivyo!" alipiga kelele.

"Ala! Mdomo si wako huo?" alimcheka Shamsia, muuza vitumbua. "Tumekuona kwa macho yetu, bibi."

Kokuberwa alimfuata Lukmani garini. "Ndivyo nilivyosema?"

"Dada, ile mashine haina masikio. Napewa karatasi, nasoma."

"Basi waambie."

"Niwaambie nikose kazi? Kesho tunakwenda Kimwani kuonyesha."

Wiki iliyofuata Kagaruki alifika Muleba na kibuyu chake, amevaa koti. Hakuonekana kama mtu aliyekuja kuomba.

"Nimemfuata mke wangu, mtu wa sinema," alisema, na wazee wakacheka.

"Tata," Kokuberwa alimgeukia baba yake, "sijasema bado. Mila inanipa kusema."

"Ulikwisha kusema, mwanangu." Mzee Rutashobya hakumtazama. "Bukoba nzima imekusikia ukiomba radhi. Nikikuzuia sasa, nitaonekana mimi ndiye ninayevunja ndoa yako."

"Ile si sauti yangu! Ni ya mwanamume!"

"Sauti, sauti," mzee mmoja alinung'unika. "Magoti je, yalikuwa ya nani?"

Mzee Rutashobya alipokea kibuyu, akanywa wa kwanza. Hapo shauri lilikuwa limekwisha.

Kokuberwa alikunja mkono wa gauni, akawaonyesha mfupa uliounga vibaya, akaanza upya tangu siku ya mchi. Wazee waliutazama mdomo wake ukicheza, huku wakipokezana kibuyu.