Kito Kilichoifuata Sumaku

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Asubuhi hiyo Mbeya iliamka na baridi kavu. Mbingu haikuwa na wingu hata moja, na upepo ulishuka kutoka mlima Loleza ukapenya hadi kwenye mifupa. Nilirudi kutoka swala ya Alfajiri nimejifunga shuka juu ya kanzu, na mkono wangu wa kulia haukutoka mfukoni. Si kwa sababu ya baridi tu. Mfukoni mlikuwa na kito chekundu, kikubwa kama punje ya hindi, na kito kile kilikuwa mahari ya binti yangu.

Ruwaida, mtoto wangu wa mwisho, anauza mchele wa Madibira katika soko la Mwanjelwa. Alichumbiwa na Ahmadi, mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Alipoulizwa mahari yake, maana kwetu bibi harusi ndiye anayeitaja, hakutaja kitanda wala cherehani. Alisema, "Nataka pete ya fedha yenye yakuti ya bibi yake." Bi Jaha, bibi yake Ahmadi, alikuwa ameitunza yakuti hiyo ndani ya kopo la hina kwa miaka arobaini. Kwa kuwa sonara yuko huku kwetu, mtaa wa Uhindini, walimpa mshenga akaniletea mimi. Ndoa ilikuwa Ijumaa.

Ningekipeleka kwa sonara asubuhi ileile, yote haya yasingetokea. Lakini nilikuwa na darasa jioni, na nilitaka kujionyesha. Mungu anisamehe.

Mimi ni fundi wa terazo. Kwa miaka thelathini na minne nimemwaga na kusugua sakafu za mabenki, shule na misikiti, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Nimeyapigia magoti mawe kila siku, lakini majina yake sikuyajua. Sisi tuliyaita nyeupe, nyeusi, na ile ya rangi ya maini. Nilipofika miaka sitini na moja nikasikia kuna binti wa Kinyakyusa, Mwalimu Ikupa, anafundisha mawe kila Jumanne baada ya Magharibi. Nikanunua daftari. Mwezi wa kwanza nilijifunza kwamba marumaru niliyoisaga maishani mwangu ilikuwa chokaa, ikapikwa ardhini kwa joto na mgandamizo hadi ikabadilika. Ukiidondoshea siki inatoa povu. Niliidondoshea, ikatoa povu, nami nikasema Subhanallah kwa sauti hadi darasa zima likanigeukia.

Jioni hiyo niliwahi kuliko wote. Mwalimu alikuwa amepanga mawe mezani: akiki yenye mistari kama maji yaliyotulia, malakiti ya kijani, ametisti ya zambarau, na yakuti yake mwenyewe, ndogo na isiyochongwa. Nikatoa kito changu, nikakilamba.

"Mzee Faraji!" Gwakisa alipiga kelele. Huyu ni dereva wa lori, tunakaa dawati moja. "Usije ukameza mahari ya watu! Ijumaa tutamfungisha bwana harusi ndoa na tumbo lako?"

Darasa likacheka, nami nikacheka. Sisi watu wa terazo ndivyo tunavyofanya. Jiwe likilowa ndipo linapoonyesha rangi litakayokuwa nayo likishang'arishwa. Kito kile kilipolowa kilikuwa chekundu chenye uzambarau ndani, kama juisi ya rozela ikipigwa jua.

"Yakuti," nikasema. "Ya Bi Jaha wa Ruaha Mbuyuni."

Mwalimu Ikupa alikipokea kwa viganja viwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Alikitazama kwa lenzi muda mrefu. "Ni kizuri sana, baba," alisema. "Tukipime?"

"Kipime, Mwalimu. Wote waone."

Alizima taa, akawasha tochi ya mwanga wa zambarau. Yakuti yake ndogo iliwaka kama kaa la moto, nasi sote tukaguna. Kito changu kilibaki cheusi, kimya.

"Yakuti nyingine haziwaki," alisema haraka, kwa huruma. Akawasha taa. Alijaza maji kwenye bakuli, akaweka vifuniko viwili vya chupa vielee juu, na kila kifuniko akakiwekea jiwe. Kisha akatoa sumaku ndogo yenye nguvu, akaisogeza karibu na yakuti yake bila kuigusa. Kifuniko hakikusogea. Akaisogeza karibu na kito changu. Kifuniko kilitikisika, kikageuka, kikaanza kuifuata sumaku taratibu kuvuka bakuli, kama bata anayemfuata mama yake.

"Ganeti," Mwalimu alisema. "Ndani yake kuna chuma, ndicho kinachovutwa. Baba, tangu nianze kazi hii sijashika ganeti safi kama hii. Hakuna ufa, hakuna doa."

Nilisikia "ganeti" tu, jiwe ambalo bei yake haifiki ya yakuti. Hayo mengine hayakuingia.

Walii wa Ruwaida ni mimi. Ijumaa ningekaa mbele ya mashahidi na kumuozesha binti yangu kwa mahari ya yakuti, nami nikijua si yakuti. Na nikisema ukweli, namuaibisha Bi Jaha mbele ya ukoo wake, na huenda ndoa ikavunjika kwa ajili ya kimbelembele cha mzee aliyenunua daftari uzeeni.

Jumatano nilikwenda kwa Murtaza, sonara wa Uhindini. Alikitazama chini ya lenzi yake.

"Ganeti, mzee wangu. Daraja la juu. Kesho jioni pete itakuwa tayari."

"Imetajwa yakuti."

Murtaza alitoa lenzi jichoni. "Mimi ni sonara, si msemaji. Hakuna atakayejua mpaka siku ya kiama."

"Na siku hiyo?"

"Hiyo siku," alisema, "utajibu wewe walii. Mimi nitakuwa na maswali yangu ya kujibu."

Nilimwambia asikitie bado kwenye pete. Nilirudi nyumbani nikasali rakaa mbili, nikamwomba Mungu anioneshe njia. Sikuota ndoto wala sikusikia sauti. Nilichopata ni kwamba kila nilipojaribu kutamka neno "yakuti" mdomo ulikauka. Nikaona hilo linatosha kuwa jibu. Nikaenda kumwomba Mwalimu Ikupa sumaku yake.

Alhamisi mchana wageni walifika kwa basi: Ahmadi, baba yake mdogo Nasri, na Bi Jaha mwenyewe, mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Ruwaida alikuwa chumba cha pili, pazia katikati. Baada ya chakula nikaleta bakuli la maji.

"Mama," nilimwambia Bi Jaha, "nina jambo. Nimekosa. Kito chako nilikipeleka darasani bila ruhusa yako." Nikawaambia yote. Kisha, kwa kuwa maneno yaliniishia, nikaweka kito kwenye kifuniko na kusogeza sumaku.

Kikatembea. Mchana ule, jua likipita dirishani, kilivuka maji kikitupa doa jekundu kwenye ukuta wa bakuli, na doa nalo likatembea.

Nasri alikuwa amekunja uso. Ahmadi aliinamisha kichwa.

"Rudia," alisema Bi Jaha.

Nikarudia.

"Nipe hiyo sumaku." Akaishika mwenyewe, akakizungusha kito bakuli zima, mara mbili, mara tatu, akaanza kucheka hadi miwani ikateleza. "Miaka arobaini! Nimekaa na kitu kinachotembea, nami nimekifungia kwenye kopo!"

"Mama, lakini si yakuti," Nasri alisema.

"Marehemu baba yako kila chekundu alikiita yakuti. Hata nyanya zake aliziita yakuti. Unadhani alikisomea?"

Lakini Ahmadi hakucheka. Alinitazama machoni. "Baba, niliahidi yakuti. Sina yakuti. Siwezi kumuoa mtu kwa kitu nisichokuwa nacho. Nipe miezi sita, baada ya mavuno nitaitafuta ya kweli."

Nasri akasimama. "Wageni wamealikwa! Wali umeshapimwa!"

"Baba mdogo, nimeshasema."

Nilimpenda kijana yule pale pale, na pale pale nikaona ndoa inaondoka mikononi mwangu. Hapo pazia likatikisika.

"Baba," Ruwaida alisema kutoka ndani, "mahari ni ya nani?"

"Ni yako, mwanangu."

"Basi mniulize mimi. Hicho kito kikoje?"

Nikafungua daftari langu, kwa sababu sikutaka kukosea. Nikamsomea: ganeti, hukwaruza kioo, husafirisha mwanga bila kuugawa mara mbili, rangi yake ni ya kuzaliwa nayo, hakikupikwa wala kupakwa mafuta, hiki hakina ufa wala doa. Nilisoma polepole, kwa maana nilikuwa sijawahi kumsomea mtu kitu nilichokiandika mwenyewe.

Ruwaida akasema, "Niliomba kito cha bibi. Jina nililikosea, kama nyote mlivyolikosea. Kito ni kilekile. Nataka hicho, na kiitwe jina lake. Na Ahmadi akitaka kungoja miezi sita, angoje peke yake, mimi Ijumaa nitakuwa nimeshapakwa hina."

Bi Jaha alipiga kofi la furaha. Ahmadi alifunika uso kwa mikono, na nilipoona mabega yake yanatikisika nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Murtaza alikitia kwenye pete jioni hiyo. Alipoileta aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amekipenda, na kwamba wateja wengi wangeondoka na ganeti wakiwa na furaha, kama tu wangeambiwa ukweli.

Ijumaa baada ya swala, msikitini, Gwakisa alisimama nje mlangoni na kofia mkononi, na Mwalimu Ikupa alikuwa upande wa akina mama na mtandio mpya. Nilimshika Ahmadi mkono wa kulia. Nilikuwa sina hofu tena. Nilimuozesha binti yangu kwa mahari iliyokubaliwa, nikaitaja, na sheikh akamgeukia bwana harusi. Ahmadi akainua kichwa, akasema kwa sauti iliyowafikia mashahidi wote wawili, na Bi Jaha nyuma ya pazia:

"Nimekubali kumuoa Ruwaida binti Faraji, kwa mahari ya pete ya fedha yenye kito cha ganeti."