Kalamu ya Darlene

Saa tatu asubuhi simu ililia. Alikuwa mke wa Daktari Whitlow: mzee wake ameanguka mezani akinywa kahawa, amekata roho.

Nilimpa pole, nikakata simu. Mimi ni mpokea wagonjwa tu katika zahanati yetu hapa milimani Missouri, lakini sheria naijua. Darlene Haskett ni muuguzi aliyesomea kutibu na kuandika dawa, ila lazima awe na mkataba na daktari wa kumsimamia. Daktari mwenyewe, huyo Whitlow, alikuwa maili sabini kutoka hapa. Kwa miaka tisa alifika mara mbili, na mara ya pili alipotea njia. Hata hivyo, akifa yeye, ruhusa ya Darlene imekwisha saa ileile.

Kwenye mabenchi walikaa watu kumi na mmoja. Mzee Orville Teague alibakiwa na insulini ya siku moja.

"Nani huyo?" Darlene alichungulia.

"Watu wa bima ya gari."

"Waambie hilo gari limechoka kuliko mimi!"

Nilicheka kinafiki, nikamwita mgonjwa wa kwanza.

Saa sita, wa mwisho alipotoka, nikamwambia. Alikaa.

"Umejua tangu lini, Rhonda?"

"Saa tatu."

"Umenitibisha watu kumi na mmoja bila ruhusa!"

"Kuna uliyemtibu vibaya?"

"Sheria haiulizi hivyo, na wewe unajua!"

Alimpigia mfamasia, akafuta dawa jina kwa jina. Wagonjwa hao sasa wangepanga foleni mjini, wakisubiri wiki tatu kumwona daktari asiyewajua. Nilitamani kuing'oa ile simu ukutani. Orville alimweka mwisho.

"Ameshachukua? Ameshaondoka nayo?" Aliweka simu chini polepole. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha akaiandikia bodi ya leseni, kujishtaki mwenyewe: kila mgonjwa, kila dawa, kila saa. Nilisoma juu ya bega lake. Aliandika kwamba habari za kifo zilifika zahanati saa tatu. Nani alipokea simu, hakusema.

"Watadhani ulijua ukaendelea," nilisema, machozi yakinitoka. "Niandike na mimi. Kosa ni langu."

Alitia saini, akalamba bahasha.

"Wewe huna leseni, dada. Watakunyang'anya nini?"