Faranga ya Mkononi mwa Nada

Baba mkwe wangu, Mzee Khalifa, hakuwa mtu wa kupakata watoto. Nada alipozaliwa alimwombea dua akiwa amesimama mlangoni, kisha akarudi kwenye sarafu zake. Hukusanya sarafu za fedha za Wafaransa, za enzi ya Kaizari Napoleoni wa Tatu, na hapa Tanga hakuna sonara asiyemjua kwa maulizo yake.

Basi alipoanza kuja kwetu kila siku baada ya alasiri, akamkalisha Nada mapajani na kumshika kiganja, nilifurahi mpaka nikampigia mama simu Mwera. Nikamwambia babu mtu amempenda mjukuu wake.

Siku moja nikamkuta na kioo cha kukuzia. Alikuwa akikisogeza kwenye sarafu iliyofungwa kwa uzi mweusi mkononi mwa mtoto. Nada mwenyewe hakuwa akimtazama hata kidogo.

Sarafu ile ni ya kwetu. Mama alimfungia Nada siku ya arobaini, kama tulivyofungiwa sisi sote. Haivuliwi mpaka mtoto atembee, kisha hungoja mtoto mwingine azaliwe. Sikujua ni ya nchi gani. Kwetu iliitwa fedha ya watoto, basi.

"Ni faranga hii, mama Nada," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa akidokoa nyama jikoni.

Akanieleza kwamba anazo ambazo kaizari yuko kichwa wazi. Huyu mwenye taji la majani hana, na amemtafuta tangu Asaad, mume wangu, hajazaliwa. Tundu la kupitishia uzi halikumsumbua, sonara angeliziba. Aliomba nimpe, naye atamtengenezea Nada kikuku kizito cha fedha mpya.

Nilisema nitamuuliza mama. Nilikwenda jikoni nikakuna nazi ambayo sikuwa na kazi nayo. Sarafu ningeweza kuisamehe. Kilichoniuma ni zile alasiri, kumbe hazikuwa za mwanangu.

Nikampigia mama. Akasema mkwe haambiwi hapana. Ila desturi ni desturi: asubiri mtoto atembee, akitembea mzee aivue kwa mkono wake mwenyewe, aichukue.

Mzee akakubali, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wa kutembea. Alimshika Nada vidole, wakaikwaruza baraza yote kwa nyayo huku akimhimiza, "Twende, bibi, twende." Nada akianguka, mzee naye anaketi chini na kanzu yake nyeupe, ananyoosha mikono. Alijifunza kumfuta mate. Alijifunza kuwa hapendi uji wa moto. Kioo cha kukuzia sikukiona tena.

Juzi nilikuwa naanika nguo. Nada akaachia ukuta, akavuka baraza peke yake mpaka kwenye magoti ya babu yake, akakaa kitako akicheka. Moyo ulinipasuka kwa furaha na kwa huzuni pamoja. Nikafuta mikono, nikamwendea nimshike mtoto ili mzee afungue uzi.

"Baba," nikasema, "ametembea."

Akaukunja mkono wa Nada ndani ya kiganja chake, sarafu na yote.

"Ametembea wapi? Hujamwona anavyoyumba? Huko ni kuanguka kwa kwenda mbele."

Nada alikwisha kusimama tena, anamfuata. Mzee akarudi nyuma hatua moja, mikono wazi, akaniambia niende nikamalizie nguo zangu, nisiwaharakishe watoto.