Yowe la Fundi Magodoro

Wateja walimwita fundi magodoro yule Mnong'ono, na hawakumwonea. Hata akikohoa ungedhani anaomba radhi. Sasa mtu kama huyo, kilichompeleka kupenda muziki wa mayowe ni nini? Moyo haupangiwi. Shemeji yake, mume wa dada, alipiga gitaa kwenye bendi ambayo mpiga mayowe wake alikuwa amehama.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunajaribu watu," shemeji alimwambia, kwa upole wa mtu aliyekwisha kata tamaa. "Njoo na wewe."

Mnong'ono aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Wiki ya kwanza alijifundisha mwenyewe, akalikwangua koo mpaka sauti ikamkimbia. Siku tatu aliuza magodoro kwa ishara za mikono. Ndipo alipokwenda kwa shangazi yake, mwalimu wa kwaya wa miaka thelathini, mama asiyevumilia hata kelele za vijiko.

"Utajiua," shangazi alisema. "Yowe linatoka tumboni, mwanangu. Koo ni mlango tu. Legeza taya. Haya, guna kidogo, kama unainua gunia."

Akaguna. Kila jioni shangazi aliketi kwenye kinanda, akampandisha hatua moja, akamshusha hatua moja, na koo likianza kuuma tu, kinanda kinafungwa. "Haraka haraka haina baraka," alisema, "na koo halina spea." Lakini hapo waliishia nusu ya nguvu, kwa ajili ya masikio ya shangazi.

Nguvu zote Mnong'ono alizimalizia kazini, na huko alifanya kosa ambalo ni fundi magodoro tu angelifanya. Ili majirani wasidhani kuna mtu anachinjwa, alizika uso kwenye sponji nene na kupiga mayowe humo humo. Sponji ikameza yote. Mwezi ukaisha hajawahi kulisikia yowe lake lilivyo.

Jumamosi mchana, kwenye stoo ya mazoezi, shangazi aliketi pembeni, mkoba mapajani. Ngoma zikaanza. Mnong'ono akalegeza taya, akaachia.

Vioo vya madirisha vilitetemeka. Naye akageuka nyuma upesi kumtafuta aliyepiga kelele.

Bendi ilicheka mpaka mpiga besi akakaa sakafuni. Maskini Mnong'ono alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua nafasi imeshamponyoka, akauma meno.

"Taya!" shangazi akafoka.

Shemeji peke yake hakucheka. "Ni wewe huyo, shem," alisema taratibu. "Rudia."

Akarudia. Alianza chini kwa mngurumo, akapanda, akapanda tena, akapasua huko juu kabisa, kisha akateremka na wimbo laini. Safari hii alijisikiliza, na alijipenda. Machozi ya furaha yalimtoka, sauti isitikisike.

"Wengine tuwaambie wasije," mpiga ngoma alisema. "Nafasi imepata mwenyewe."

Walikuwa bado wanampongeza Mnong'ono, shangazi aliposimama, akaweka mkoba kitini, akanyoosha gauni.

"Ule mngurumo wa mwanzo," aliuliza, "mimi sikukufundisha. Umeutoa wapi?"

"Ulikuja wenyewe, shangazi."

"Hebu nipishe hapo kwenye maikrofoni. Miaka thelathini nawaambia watu wapunguze sauti. Nifundishe na mimi."