Kifua Changu na Kuku wa Laban

Mkwe wangu Laban ni mtu mwenye heshima sana, mtaa mzima wa Migosi utakuambia. Ana heshima hata akinisalimu anatazama viatu vyake. Na nilipohamia kwake mwaka wa tisini na moja, heshima hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka kulala na kuku.

Kwetu Wajaluo mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Ni mwiko, na mimi sikuja mjini kuuvunja. Basi Laban akanipa nusu ya stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba, yenye paa lake lenyewe, akaniwekea kitanda na pazia la gunia. Katika nusu ya pili waliishi kuku wake wa kisasa, wamejazana juu ya maranda, na magunia ya chakula chao yamepangwa hadi karibu na mto wangu. Dirisha alikuwa ameliziba kwa karatasi ya nailoni ili vifaranga wasipigwe na baridi. Mimi na baridi yangu tungejuana wenyewe.

Sikuwa na pengine pa kwenda. Mume wangu alipofariki kule Muhoroni, udongo wa kaburi haukuwa hata umekauka, ndugu yake Dalmas akatangaza kwamba atanirithi. Dalmas! Mtu ambaye miwa yake mwenyewe imemezwa na magugu, leo anataka kupewa na shamba la marehemu alitunze. Nilimwambia mbele ya watu kwamba afadhali nilale na kuku. Mungu alinisikia vizuri mno.

Kikohozi kilianza kwenye mvua za masika. Mwanzoni kilikuwa kikavu, cha kuwasha koo, halafu kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikilala chali pumzi haiji. Nikikaa inakuja kidogo kidogo, kana kwamba inaombwa. Nilikuwa na miaka sitini na miwili, nimelima miwa maisha yangu yote, na sasa kutoka kitandani hadi bombani nilihitaji kupumzika njiani.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kisumu imejaa madaktari. Jirani yetu Agneta, mwanamke Mbukusu mwenye moyo mzuri na sauti kubwa, alisema ni roho chafu. Akaniletea kikundi chake cha maombi, wakanipigia kelele kifuani hadi nikachoka. Wanawake wa bombani hawakusema kitu mbele yangu. Walikumbushana tu kwa sauti ya chini kwamba mume wangu alikufa amekonda, na wakati huo kila mtu alijua maana ya maneno kama hayo. Binti yangu Amolo, niliyemzaa mwenyewe, alininunulia kikombe changu na sahani yangu, akaanza kuwaita watoto kila wakinikaribia. Hakusema kwa nini. Niliumia sana siku ile, na sitajidai kwamba sikuumia.

Lakini mtaalamu mkuu alikuwa Laban. Yeye alisema ni chira, ule ugonjwa unaompata mtu aliyevunja mila, ukamla taratibu, kisha ukapanda kwa watoto wa nyumba. Na mila gani nimevunja? Nimekataa kurithiwa. Alimwambia Amolo jikoni, makusudi nisikie, "Mama yako awachane na ukaidi. Mimi niko na watoto hapa." Akatuma ujumbe Muhoroni kwamba Dalmas aje achukue mtu wake.

Niliogopa. Kifo sikukiogopa sana, nilishakiona karibu. Nilichoogopa ni kufia jikoni kwa Dalmas, nimetiwa dawa za mitishamba kwa nguvu, huku yeye anapima shamba kwa hatua.

Hospitalini walipima makohozi, wakapiga picha ya kifua, wakasema hakuna TB. Kijana aliyevaa koti jeupe alinipa dawa ya maji, chupa tamu kama soda, akasema, "Mama, ni uzee tu." Nilimwambia kwamba mama yangu mzazi alikuwa mzee kuliko mimi na alikuwa anaimba. Akamwita mgonjwa mwingine.

Kisha binamu yangu akafariki kule Awasi, nikaenda matangani. Laban alinionya kwamba nitarudi kwenye jeneza, kwa sababu matangani kwetu tunalala nje, kando ya moto mkubwa wa magogo, na baridi ya alfajiri inakata mifupa. Agneta aliniombea. Mimi mwenyewe nilibeba blanketi mbili na kuaga watu vizuri.

Nililala chini, kwenye moshi, kwenye umande, katikati ya vilio. Nikalala kama mtoto mchanga. Kulipokucha niliwaza kwamba kikohozi kimechelewa tu, nikakaa kukingoja. Hakikuja. Kufikia siku ya mazishi niliimba hadi mwisho wa wimbo bila kushika kifua, nikala, nikachota maji na wasichana. Nilirudi Migosi nikitembea kwa kiburi, nikaingia stooni, nikajilaza. Kabla sijapata usingizi filimbi ilikuwa imeanza.

Nilikaa gizani nikiwatazama wale kuku nao wakinitazama. Tulielewana.

Asubuhi nilirudi hospitalini, na safari hii nilimpata daktari mwingine, mtu mzima, aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote walitaka kujua nimelala na nani. Yeye aliuliza ninalala wapi. Nilipomweleza hakucheka. Alisikiliza mgongo wangu, akanipa kibomba nipulize kwa nguvu zote, akatazama mshale wake na kutikisa kichwa.

"Mama, hii ni pumu," alisema.

"Pumu si ya watoto?"

"Inaweza kuanza hata uzeeni. Lile vumbi la kuku na la chakula chao, na ile harufu ya kinyesi kwenye chumba kilichofungwa, ndizo zinakuumiza. Nitakupa dawa ya kuvuta, lakini ukiendelea kulala pale haitakusaidia sana."

Nilikwenda nyumbani karibu nikicheza. Nikawaambia Laban na Amolo neno kwa neno, nimesimama mlangoni. Laban alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Daktari ni mtu wa vitabu," alisema. "Kama hewa ni mbaya, mbona kuku hawafi?"

"Basi nipe kona ya sebuleni."

"Mama! Hiyo ni mwiko."

"Basi kuku ndio waende sebuleni."

"Kuku sebuleni? Watu watanicheka."

Kwa hiyo kuku hawangeweza kulala ndani kwa sababu ya aibu, na mimi singeweza kwa sababu ya heshima, na kati ya aibu na heshima mtu mzima ningekufa. Nilimtazama Amolo. Akasema, "Mama, tungoje tu baba mdogo akuje."

Baba mdogo akaja, Ijumaa jioni, na kofia yake ya sherehe na chupa ya dawa ya miti ya kunitakasa. Akaketi sebuleni akala nyama ya kuku, akaeleza jinsi chira inavyoanzia kifuani kwa mwanamke jeuri. Kesho asubuhi, alisema, tutapanda gari la Muhoroni mimi na yeye. Laban aliitikia kila sentensi kwa kichwa.

Halafu giza likaingia na kila mtu akakumbuka jambo lilelile kwa pamoja. Dalmas ni ndugu wa baba yake Amolo. Kwa mila yetu ni baba mkwe wa Laban, na baba mkwe naye halali chini ya paa la mkwewe. Laban akawa mwekundu wa macho kwa kuwaza.

"Shemeji," nilisema kwa sauti laini ambayo hajawahi kuisikia kwangu, "chukua kitanda changu. Mimi nitaenda kwa Agneta." Nilimtandikia shuka safi. Nikamfungia mlango vizuri, vifaranga wasipate baridi.

Asubuhi nilimkuta ameketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia kichwani, macho yamevimba, anakohoa hadi mabega yanaruka. Laban amesimama kando na kikombe cha maji. Amolo anampepea kwa leso.

"Hiyo chumba ni mbaya," Dalmas alisema alipopata pumzi. "Mtu anaweza kufa huko ndani."

"Labda ni chira, shemeji," nilisema. "Umevunja mila gani? Chupa yako iko mezani, nikuletee unywe?"

"Wacha mchezo, Apiyo! Ni hewa!"

"Pole sana, baba," Laban alikuwa anasema. "Pole sana, baba."

Hata chai haikuwa imechemka. Laban alivua koti, akapasua ile nailoni, akawabeba kuku hadi sebuleni chini ya picha yake ya arusi, na magunia akayapeleka chumbani kwake. Maranda yakatupwa nje, sakafu ikamwagiwa maji. Watu wa mtaa walipita wakaona, na hakuna aliyecheka.

Dalmas alipokunywa chai alikumbuka safari. "Haya, twende."

"Kwa sababu gani?" nikauliza.

Laban akatazama viatu vyake na kusema polepole, "Lakini baba, si umesema ni hewa?" Dalmas aliondoka peke yake, akikohoa hadi barabarani.

Amolo alikuja kufagia chumba changu. Alifagia kwa muda mrefu mahali ambapo palikuwa pameshafagiwa, kisha akaanza kulia.

"Mama, si ungetuambia vizuri."

"Nilikuambia siku niliyotoka hospitali. Dalmas amekohoa usiku mmoja, mkatafuta ubaya wa chumba. Mimi niliyekuzaa nimekohoa mwaka mzima, ukatafuta ubaya wangu."

Akaendelea kufagia. Nilikaa kitandani mbele ya dirisha lililo wazi, nikivuta pumzi hadi chini kabisa, nikaona kwamba nina hasira kubwa, hasira ya miezi mingi, ambayo sikuwahi kuwa na pumzi ya kutosha kuwa nayo.